Mashua Tuliyoipima kwa Chai

Kiti mlichonipa siku ya kuniaga kina puti ya kuzibia ufa kwenye mguu wa nyuma wa kushoto. Siku ile sikusema kitu kwa sababu mlikuwa mmenunua keki, na mtu hakosoi kiungo cha mbao mbele ya keki. Lakini nimekikalia tangu nistaafu, nimekisikia kikilalamika kila ninapoinama kufunga kiatu, na juzi nikakipindua nikakwangua kwa ukucha. Puti, tena ya rangi isiyofanana na mbao. Ndipo nikaamua kuandika haya, maana ningekuja karakana kuwaambia kwa mdomo mngesema huyu Mathe, mama yenu, hajui kupumzika.

Sitaandika habari za mshahara wala za nani alipandishwa cheo. Karakana yetu ilikuwa na cheo kimoja tu, cha Mzee Kartar, na mshahara ulikuwa wa kiasi ambacho unaweza kutembea nacho usiogope wezi. Nitaandika nilivyoingia, aliyenifunza, na kazi moja ambayo nusura itushinde, ile ya mashua. Najua mmeshasikia habari zake. Mmezisikia kwa Ouko, na Ouko husimulia kana kwamba tulikuwa kwenye bahari kuu.

Nilifika pale karibu na Dagoretti Corner nikiwa msichana, nina cheti cha useremala nilichokipata katika chuo cha ufundi cha kanisa. Mzee Kartar alikuwa Kalasinga mwenye ndevu nyeupe zilizojaa vumbi la mbao, hata hungejua mvi zinaishia wapi na vumbi linaanzia wapi. Hakukitazama cheti. Alinitazama mikono, kisha akaniuliza kama nimekuja kupika chai. Nikamwambia chai najua kupika, lakini mtu wa chai nimemwona pale langoni na sina haja ya kumwaga unga wake. Akanirushia vipande viwili vya mbao na kuniambia nivishikanishe bila gundi wala msumari.

Nilivishikanisha. Akaviinua dirishani, akafumba jicho moja, akavitupa kwenye kuni. Nikatengeneza vingine, navyo vikaenda kwenye kuni. Juma lile lote nilikuwa mchangaji mkuu wa kuni wa Ngong Road. Kila akitupa alisema maneno yaleyale, "Mwanga ikipita hapa, mende itapita." Siku mwanga ulipokataa kupita hakunipongeza. Aliviweka tu vile vipande juu ya meza yake badala ya kuvitupa, akaendelea na randa yake. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiwa najiimbia, na watu wakinipisha njia.

Sheria yake kubwa ilikuwa ya puti. Alisema puti ni uongo unaopakwa kwa kisu. Fundi akishikwa na puti mkononi, alinunulia karakana nzima chai kwa Mama Shiro, na Mama Shiro alikuwa na masikio ya kusikia kosa la puti kabla halijatangazwa. Kibanda chake kilikuwa langoni kwetu. Alichemsha maziwa, majani na sukari katika sufuria moja kubwa, vyote pamoja, na hakuna aliyeweza kuagiza vinginevyo. Ukimwomba chai isiyo na sukari alikuambia sukari imeshaingia, kama huitaki, kanywe maji. Kumbukeni hiyo sukari.

Kabla ya mashua kulikuwa na kabati la Parklands, ambalo tulilitengeneza likapendeza, tukalipeleka, na ngazi za ghorofa zikalikataa. Tulilipandisha kwa kamba kupitia roshani huku kila ghorofa ikitoa ushauri wake, na bibi mmoja wa ghorofa ya pili akalisimamisha katikati ya hewa ili achungulie ndani. Halikupata hata mkwaruzo. Tangu siku hiyo jina la Mzee Kartar lilizunguka Parklands kutoka jikoni hadi jikoni, na kwa njia hiyo likamfikia Daktari Kirit.

Ulikuwa mwaka ule matatu zilipolazimishwa kuweka mikanda ya abiria. Asubuhi moja pikapu iliingia uani kwetu ikiwa imebeba mashua. Nawaambia, Dagoretti Corner imeona mengi, lakini mashua ilisimamisha hata wauza mitumba. Watu walikuwa bado hawajaisahau ile mvua ya El Niño, kwa hiyo waliuliza maswali ya maana. Mwanamke mmoja mwenye Biblia kwapani alitaka kujua Mzee ameoteshwa lini, na kama kuna nafasi ya watu wa kanisa lake. Mzee Kartar alimjibu kwamba hii ni ndogo, inabeba watu watatu na hakuna wanyama. Mama akaenda zake, lakini kesho yake alirudi kuangalia kama tumeanza kubwa.

Mwenye mashua ndiye huyo Daktari Kirit, daktari wa meno, mtu mwembamba, mpole, aliyekuwa na chumba cha matibabu ghorofani katikati ya jiji na nyumba Parklands. Mashua ilijengwa na marehemu baba yake, kwenye veranda, jioni baada ya kufunga duka, kwa miaka. Baba huyo alikuwa akimpeleka mwanawe bwawani hapa hapa Nairobi, enzi ambazo bwawa lilikuwa maji. Magugu yalipolimeza wakahamia Naivasha. Baba alipofariki, mashua ikaanza kuvuja, kana kwamba ilikuwa imejizuia kwa heshima yake tu.

Ilivuja kwenye sanduku la katikati. Kwa wale ambao hawajaliona, mashua ndogo ya tanga ina ubao mpana unaoteremshwa majini katikati yake ili upepo usiisukume kando kando kama kaa. Ubao huo hupitia tundu refu lililokatwa sakafuni. Ndiyo, mtu amekata tundu kwenye sakafu ya mashua kwa makusudi. Ili maji yasijae ndani, tundu hujengewa sanduku jembamba, lililo wazi juu na chini, kama kabati lisilo na rafu. Maji hupanda ndani ya sanduku mpaka usawa wa ziwa, hutulia humo, na abiria hukaa pembeni wakiwa wakavu. Mradi viungo vya sanduku viwe vimeshika.

Vya hili havikuwa vimeshika, na vilivyolipia ni viatu vya mke wa Daktari. Hansaben alikuwa mama mnene, mcheshi, mwenye uamuzi, na kila alipopanda mashua ile alishuka na viatu vinavyolia kama vyura. Alivumilia mwaka wa kwanza, akavumilia wa pili. Kisha hoteli moja ya katikati ya jiji ikasikia kuna mashua ya zamani Parklands, ikaitaka iiweke katika ukumbi wake wa kulia, ijazwe barafu, na juu yake zipangwe saladi na kachumbari. Hansaben akakubali. Alimpa mumewe nafasi moja ya mwisho, fundi mmoja wa kweli. Ikivuja tena, inakwenda kwenye kachumbari.

Daktari alitueleza hayo akiangalia chini. Alisema anajua ni mbao tu. Kisha akaweka mkono kwenye ukingo wa mashua na hakuuondoa mpaka alipomaliza kusema, na mimi nikamhurumia kwelikweli. Baba yake alikuwa ameacha duka, nyumba na picha ukutani, lakini kitu alichokitengeneza kwa mikono yake kilikuwa hiki kimoja, na kilikuwa kikingojea vitunguu na nyanya.

Mzee Kartar akasema kazi tumeipokea. Alikuwa hajawahi kutengeneza mashua maishani, na sisi pia. Kwa hiyo sote tukageuka tukamtazama Ouko.

Ouko alikuwa kijana wa benchi la pili, hodari sana wa vitanda. Lakini jina lake lilikuwa Ouko, jina la watu wa kando ya ziwa, na katika hesabu zetu mtu anayeitwa Ouko amezaliwa ndani ya mtumbwi. Hakuna aliyemuuliza. Mzee alimteua hapo hapo kuwa mkuu wa mambo ya maji, na Ouko akakohoa, akaizunguka mashua mara mbili, akagonga ubavu wake na kusema, "Hii ni boti." Tuliridhika kabisa.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuona mahali inapovujia. Daktari mwenyewe alikuwa ameshajaribu kuziba. Upande wa mbele wa sanduku, pale maji yalipokuwa yakionekana yakitokea, palikuwa na vijalizo vyeupe, vidogo, laini, vimesuguliwa mpaka vinang'aa. Nikamuuliza ni dawa gani hii. Akajibu kwa aibu kidogo kwamba ni simenti ya meno. Alikuwa ameijaza mashua ya baba yake kama gego, na kusema haki ilikuwa kazi safi kuliko puti yoyote niliyowahi kuiona. Akasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mzee Kartar akamwambia ni kweli, lakini kwanza uwe ni ufa wenyewe.

Tukaiweka mashua juu ya matairi uani. Tukaziba lile tundu kutoka chini kwa mpira wa ndani wa baiskeli na ubao uliokazwa, kisha tukamimina maji kwenye sanduku kutoka juu, ili tuone yatatokea wapi. Mifereji ilikuwa mikavu siku hiyo kwa sababu ya mgao, kwa hiyo tulitumia madumu ya kunywa. Hatukuona kitu. Manyunyu ya asubuhi yalikuwa yameilowesha mashua yote, na maji juu ya maji hayana sura. Mzee akasema tunahitaji kitu chenye rangi. Ouko, kwa mamlaka ya ziwa, akapendekeza wino, lakini Mzee hakutaka kuchafua mbao ya marehemu.

Wakati huohuo Mama Shiro alikuwa langoni analaani. Kikosi cha kuchimba mtaro kilichomwagizia chai ya asubuhi kilikuwa kimehamishiwa upande wa pili wa barabara bila kumwambia, na sufuria lilikuwa limejaa hadi shingoni. Mzee Kartar alilitazama sufuria, akaitazama mashua. Mama Shiro alipotambua tunachotaka kufanya alifunika sufuria kwa khanga yake.

"Chai yangu haimwagwi kwa mbao," alisema. "Hiyo boti ikunywe kwa kikombe kama watu wengine."

Alilainika baada ya Mzee kununua sufuria lote. Tukaisubiri ipoe, tukaimimina. Sote tukainama, kichwa kwa kichwa, tukikodolea macho viungo. Hatukuona hata tone. Tukangoja mpaka magoti yakauma. Sakafu ya mashua ilibaki kavu, simenti ya Daktari ikabaki nyeupe, na Ouko akanyooka akatangaza kwamba imepona.

Mtu mmoja, simtaji, ila ni Ouko, alikimbia kumpigia Daktari simu. Daktari alifurahi hata tukamsikia sisi wengine tukiwa mbali. Akasema Jumatatu asubuhi atakuja kuichukua. Mzee Kartar hakufurahi. Alikaa kwenye kigogo chake akivuta ndevu. Mimi nilichukua tochi nikamulika ndani ya sanduku, nikaona kuta zake zimepata ngozi laini, ya rangi ya krimu. Ilikuwa malai, ule utando wa maziwa yaliyochemshwa. Chai ilipopoa, malai yalikuwa yamekwenda yenyewe kutafuta nyufa na kuziziba. Tulikuwa tumeikarabati mashua kwa maziwa. Ilikuwa Jumamosi, saa ya kufunga imefika, tukaiacha na chai yake.

Jumatatu nilikuwa wa kwanza kufika. Chai kwenye sanduku ilikuwa imeshuka hadi nusu, na sakafu ya mashua bado ilikuwa kavu. Ouko alipofika aliangalia, akawaza, kisha akaenda kumuuliza mlinzi kama ameinywa. Mlinzi alikuwa mzee wa heshima, shemasi kanisani kwake. Hakuzungumza na Ouko tena mpaka Krismasi.

Ni mimi niliyewaona sisimizi. Walikuwa wamepanda kwenye tairi, wamevuka ukingo wa mashua, na wanateremka sakafuni kwa mstari mmoja mwembamba, wanaoenda na wanaorudi, wakisalimiana njiani kama majirani wa sokoni. Nikamkataza Ouko asiwafagie. Nikamwita Mzee. Tukawafuata kwa macho. Walipita mbele ya simenti ya Daktari, wasiiangalie hata mara moja. Walipita ubavuni mwa sanduku. Wakafika nyuma kabisa, chini ya kiti cha nyuma, ambacho kilikuwa kimejengwa kama kisanduku kilichofungwa pande zote, wakaingia kwenye upenyo wa kiungo, wasionekane tena. Sukari ya Mama Shiro ilikuwa humo.

Pale ndipo Daktari alipofika, amevaa tayari koti jeupe la kazini, uso unang'aa, amekuja na kamba za kufungia mashua kwenye pikapu. Mzee Kartar alimwonyesha mstari wa sisimizi. Kiti kile kilikuwa na kifuniko kidogo cha kuzungusha, upana wa ngumi tu. Tukakifungua. Harufu ya chai iliyochacha ilitupiga usoni. Mkono uliingia, lakini jicho lisingeweza kuingia. Daktari akatia mkono mfukoni mwa koti akatoa kile kioo chake kidogo cha duara, chenye mpini mrefu, cha kuchungulia magego. Akalala kifudifudi ndani ya mashua, akaingiza kioo na tochi, akawa anakigeuza taratibu. Sote tulisimama kama tuliopanga foleni ya kungojea matibabu.

Alikigeuza kioo mara ya mwisho. Kisha akasema, kwa sauti ileile anayowaambia wagonjwa, "Hii ni ya kung'oa."

Ilikuwa nguzo ya nyuma ya sanduku. Ilikuwa imeoza kutoka chini, na ufa wake ulifunguka ndani ya kile kisanduku cha kiti, mahali ambapo hakuna aliyewahi kuangalia. Ziwani maji yaliingia huko kimya kimya, yakajaa, yakateleza chini ya mbao za sakafu mpaka mbele, na huko mbele ndiko yalikojitokeza mbele ya macho ya Daktari na miguu ya Hansaben. Daktari aliketi kwenye ukingo akakiangalia kioo chake. Alisema amewaambia wagonjwa maisha yake yote kwamba jino linalouma huenda si lile bovu. Mzee Kartar akampiga bega, akamwambia kila fundi huwa kipofu nyumbani kwake. Nami nilijua Mzee alikuwa akifikiria mlango wa jikoni kwake, ambao haukuwahi kufungika.

Tukang'oa. Nilipochoma ile nguzo kwa bisibisi, iliingia kama kwenye ugali. Mzee alikataa kukitupa kipande cha kazi ya marehemu kabla mwanawe hajakiona, kwa hiyo akanituma mjini nimpelekee, na nikiwa huko ninunue skurubu za shaba, maana za chuma zingeshika kutu. Nikakifunga kwenye gazeti. Chumba cha kungojea kwa Daktari kilikuwa kimejaa watu wenye mashavu yaliyovimba. Mlango ulipofunguka nikasimama, nikafungua gazeti, nikamwambia kwa furaha yote, "Daktari, ndiyo hii tumeng'oa. Imeoza mpaka chini, tumetumia patasi na nyundo."

Bwana mmoja aliyekuwa karibu na mlango alichukua kofia yake akaondoka. Wengine walianza kuulizana kama mganga wa mitishamba yule wa ghorofa ya chini bado yupo. Daktari alikipokea kile kipande kwa mikono miwili, akakiweka rafuni kati ya mataya ya plasta, na nasikia hakuwahi kukiondoa.

Skurubu nazo zilikuwa na kesi yake. Duka la vifaa karibu na River Road, nilipoomba skurubu ndefu za shaba, muuzaji alivua miwani na kuniambia pole. Akauliza marehemu alikuwa nani kwangu. Hakuna mtu aliyekuwa akinunua shaba isipokuwa ya jeneza. Nikamwambia ni mashua. Akanitazama kwa huruma zaidi, akaniongezea mbili bure.

Nguzo mpya tuliitoa kwenye mvule, Mzee mwenyewe akaipiga randa, na mwanga haukupita. Lakini hapo ndipo palipokuwa na mtihani wa kweli. Tulipoipandisha ikiwa kavu ilishika vizuri, na tulipoimwagia maji mvule ulivimba, ukajisukuma, kiungo kikafunguka upande wa pili. Kabati halijawahi kutufanyia hivyo, kwa sababu kabati halikai ziwani. Tulirudia, kikafunguka tena. Ouko akauliza wanaojua, na safari hii aliuliza kweli, alikwenda hadi kwa fundi mmoja wa mitumbwi aliyekuwa amekuja mjini kumtembelea ndugu yake. Akarudi na jibu ambalo alilinong'ona sikioni mwangu kwa sababu aliogopa kulisema kwa sauti. Kiungo cha mashua hakitaki kukabwa. Kinataka nafasi kidogo, na katikati yake kitu laini kisichokauka, kinachojivuta na mbao inapovimba na kusinyaa. Kwa maneno mengine, puti.

Nilimwambia Mzee mimi, maana Ouko aliona afadhali akafagie uani. Mzee Kartar aliisikia, akavua kilemba cha kazi, akakifunga upya, jambo alilolifanya tu akiwa na msiba. Alikwenda kuitazama ile mashua. Alikuwa amenifunza kazi yote kwa sheria moja, na sasa sheria hiyo ndiyo iliyokuwa ikiipeleka mashua ya mtu kwenye kachumbari. Nilimwona anazeeka pale pale.

"Wambui," alisema mwishowe. "Mimi natazama barabara. Wewe fanya haraka."

Akatupa mgongo, akaangalia magari ya Ngong Road kwa makini kama anayahesabia serikali. Nikaipaka ile gundi nyeusi, laini, kwenye kiungo, Ouko akakaza skurubu za shaba, ikajichomoza kidogo pande zote nami nikaifuta. Mzee alipogeuka alikagua kwa dole gumba. Kisha akaenda langoni, akanunulia karakana nzima chai, kwa kuwa sheria ni sheria.

Hansaben hakukubali ipimwe Naivasha. Alisema amelowa Naivasha vya kutosha, safari hii atalowea karibu na nyumbani. Kwa hiyo Jumamosi moja asubuhi tuliipeleka mashua kwenye bwawa la kuogelea la klabu moja ya Parklands, kabla waogeleaji hawajafika. Msimamizi wa bwawa alikuwa mtu wa kanuni. Alituonyesha tangazo ukutani kwamba kila anayeingia majini aoge kwanza. Tukamweleza kwamba sisi hatuingii, inaingia mashua. Akaitazama kuanzia mbele hadi nyuma, akasema basi yenyewe ioge. Tukaiogesha kwa sabuni.

Nje ya lango kulikuwa na pikapu ya hoteli, na kijana aliyefunga tai, ameshika futi ya kupimia. Hansaben ndiye aliyemwita. Kijana alikuwa akiipima mashua tangu ikiwa mabegani mwetu, akiandika mahali barafu itakapokaa. Daktari hakuweza kumtazama.

Mzee akasema aingie mtu mmoja kwanza kuleta uzito, akamwelekeza Ouko. Ouko akarudi nyuma.

"Mzee, mimi sijui kuogelea."

"Wewe si mtu ya ziwa?"

"Mimi ni mtu wa Kaloleni," Ouko alisema. "Hapa hapa Nairobi. Boti nimeona ya kwanza ni hii."

Tulikuwa tumemtii kwa majuma mengi. Mzee Kartar akamuuliza mbona hakusema. Ouko akajibu hakuna aliyemuuliza. Na ilikuwa kweli.

Basi akaingia Hansaben mwenyewe. Alikuwa amevaa sari ya kijani na viatu vyeupe vipya vya turubai, na najua alivivaa kwa makusudi, kama shahidi. Akaketi kiti cha nyuma. Akatandika ukurasa mmoja wa gazeti chini ya miguu yake, akafungua kurasa zilizobaki, akaanza kusoma. Tukateremsha ubao wa katikati. Maji yakapanda ndani ya sanduku, yakafika usawa wake, yakasimama.

Sijawahi kuona mtu akisoma gazeti kwa ukamilifu namna ile. Alisoma siasa, alisoma bei ya mahindi. Alisoma michezo, ambayo najua haimhusu. Daktari alisimama ukingoni ameshika kamba ya mashua kwa mikono miwili, na midomo yake ilikuwa ikisema kitu ambacho si Kiswahili wala Kiingereza. Mzee Kartar alikuwa ameufumba ule mkono wake wenye dole gumba la kukagulia. Kijana wa hoteli akaangalia saa. Hansaben akaingia kwenye matangazo ya vifo, akayasoma moja moja, akatikisa kichwa kwa wale aliowajua.

Alipomaliza alikunja gazeti. Akainama, akaokota ule ukurasa wa chini ya miguu, akauinua juu dhidi ya jua, akafumba jicho moja kama Mzee Kartar na vipande vyangu vya mbao. Akauchana katikati. Ulichanika kwa ule mlio wa karatasi kavu.

Akamgeukia kijana wa hoteli. "Mwambie meneja wako atafute bakuli," alisema.

Daktari Kirit alilia, simfichi. Alilia wazi, kamba mkononi, na Mzee Kartar akageuka kutazama barabara ingawa pale hapakuwa na barabara, ni ukuta tu. Waogeleaji walianza kufika na taulo zao. Msimamizi akaja kuonyesha tangazo jingine, la saa. Hansaben hakushuka. Alisogea kidogo kwenye kiti, akapigapiga nafasi iliyobaki kwa mkono, na mumewe akavua viatu vyake akaingia. Wakakaa mle wawili, bila tanga wala upepo, katikati ya bwawa la kuogelea la Parklands, yeye ameshika usukani ambao haukuwa na pa kwenda, mkewe akimsomea ni nani amefariki. Tuliwangoja hadi watoto wa masomo ya kuogelea wakaanza kurukia majini pande zote.

Mzee Kartar sasa hayupo. Karakana mmeirithi ninyi, na kile kioo kidogo cha mpini mrefu, ambacho Daktari alinipa siku ile badala ya asante, nimekiacha juu ya benchi langu, kwenye msumari. Kitumieni kwenye kiti changu nitakachowarudishia juma lijalo, mguu wa nyuma wa kushoto. Kama hamtaona kosa liko wapi, kuna njia nyingine mnayoijua sasa. Kioo nimewaachia. Sukari mtanunua wenyewe.